Taka za nyuklia: juu ya nini wanazizika chini sana, na juu ya nini si kila shimo linafaa



Kila mara redio inapotaja uraniumu ya Congo, hapa kando ya ziwa maulizo ni yale yale. Uchafu wa ile kazi unaenda wapi? Ni kweli kule Ulaya wanauchimbia shimo refu na kuuacha humo? Na siku moja hawatakuja kutuwekea sisi, kwenye migodi ya zamani ama ndani ya ziwa? Mimi nilisoma agronomia, sikusoma fizika ya nyuklia. Lakini sehemu kubwa ya jibu inatoka kwenye udongo na maji, na hayo ni masomo yetu.

Niseme jibu mapema, kisha nieleze. Kuzika chini sana maana yake ni kuhamisha kazi ya ulinzi: inatoka kwa mtu, inakwenda kwa mwamba. Utafiti wa miaka mingi unaunga mkono jambo hilo. Lakini utafiti ule ule unasema kwamba mwamba lazima uchaguliwe, na kwamba shimo lolote lililo wazi halifai.

TUANZE NA MUDA

Taka nzito kabisa ni mafuta ya nyuklia yaliyokwisha kutumika kwenye vinu vya umeme. Yakitoka humo yana joto kali, na mionzi yake inaweza kuua mtu aliyesimama karibu bila kinga. Ndani yake kuna vitu vingi, na kila kimoja kina mwendo wake wa kuisha. Wataalamu wanapima mwendo huo kwa nusu-maisha, ni kusema muda ambao nusu ya kitu inakuwa imekwisha. Sesiumu-137 inachukua miaka 30. Strontiumu-90 karibu miaka 29. Plutoniumu-239 miaka 24,000. Iodini-129 zaidi ya miaka milioni 15.

Mtu wa agronomia anaogopa kwanza hizo mbili za mbele. Sesiumu inafanana na potasiumu, kwa hiyo mizizi inaivuta kama vile inavuta mbolea. Strontiumu inafanana na kalsiumu, kwa hiyo inaingia kwenye maziwa na kwenye mifupa ya mtoto. Baada ya kinu cha Chernobyl kulipuka mwaka 1986, wafugaji fulani wa kondoo huko Uingereza, mbali sana na Ukraine, walibaki chini ya masharti mpaka mwaka 2012. Mvua ilishusha sesiumu kwenye majani, kondoo wakayala.

Sasa pima miaka hiyo kwa historia yetu. Mbelgiji Émile Storms alijenga kituo hapa Mpala mwaka 1883. Kama angeacha pipa la sesiumu siku ile, mpaka leo lingekuwa limepungua nusu mara nne tu na kidogo. Na ni nani angelilinda? Miaka miwili baadaye kituo kilipita mikononi mwa Mapadri Weupe. Ikaja Dola Huru ya Congo, ikaja Congo ya Wabelgiji mwaka 1908, uhuru mwaka 1960, Zaïre mwaka 1971, Congo tena mwaka 1997. Albertville ikawa Kalemie. Mwaka 2015 Katanga ikagawanywa, tukawa jimbo la Tanganyika. Ni ofisi gani ingebeba ufunguo wa lile pipa katikati ya mabadiliko hayo yote, na vita juu yake? Na hapo tunasema sesiumu tu, bado plutoniumu.

Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuzika. Ghala la juu ya ardhi ni salama kama kuna mlinzi, mshahara, umeme na serikali. Mwamba hauombi mshahara.

DUNIA IMEKWISHA KUFANYA JARIBIO

Mtu atauliza: tunajuaje kwamba mwamba utashika miaka laki moja, wakati hakuna aliyeishi miaka hiyo kuona? Jibu linatoka Afrika, kule Oklo, Gabon.

Mwaka 1972, kiwanda cha Pierrelatte huko Ufaransa kilipima uraniumu ya Gabon na kukuta uraniumu-235 imepunguka kidogo: asilimia 0.7171 mahali pa 0.7202. Ni tofauti ndogo, lakini haikutakiwa kuwepo. Walipofuata chanzo chake mpaka mgodini, wakaelewa kwamba karibu miaka bilioni 2 iliyopita madini yale yaliwaka yenyewe kama kinu cha nyuklia, yakisaidiwa na maji ya ardhini. Wakati ule uraniumu-235 ilikuwa bado nyingi, karibu asilimia 3. Zaidi ya sehemu kumi za namna hiyo zilionekana, na zilifanya kazi kwa mamia ya maelfu ya miaka.

Kwa hiyo Oklo ilitengeneza taka za nyuklia, ikaziacha ardhini bila pipa na bila mlinzi. Zilifika wapi? Plutoniumu ilikaa karibu palepale ilipozaliwa mpaka ikaisha. Uraniumu yenyewe haikwenda mbali. Lakini tusidanganyane: gesi, iodini, na sehemu kubwa ya sesiumu na strontiumu zilitoka. Ni kusema mwamba unashika vitu vingine vizuri sana, na vingine hauvishiki. Hapo ndipo watafiti walipata kazi ya kufanya.

Mfano wa pili ni Cigar Lake, Canada. Mita 430 hivi chini ya ardhi kuna uraniumu nyingi sana, yenye miaka bilioni 1.3, imezungukwa na tabaka la udongo wa mfinyanzi. Juu yake, mahali watu wanatembea, hakuna alama ya mionzi inayoonyesha kwamba chini kuna kitu.

Wa tatu nimeupenda juu ya miti. Huko Dunarobba, Italia, kuna msitu wa zamani uliofunikwa na udongo wa mfinyanzi kwa zaidi ya miaka milioni moja na nusu. Visiki vile havikugeuka mawe. Vimebaki mbao, kwa sababu udongo ulizuia maji kupita na hewa kuingia. Sisi tunajua gogo linaoza katika misimu mingapi hapa kwetu.

TOPE JEUSI LA MPUNGA

Juu ya nini chini kule vitu havitembei? Sababu mbili, na mkulima anazijua zote mbili bila kuziita majina ya shule.

Ya kwanza ni hewa. Chimba kwenye shamba la mpunga lililojaa maji. Juu utaona wekundu wa kutu, chini kidogo tope linakuwa la kijivu ama jeusi, linanuka yai bovu. Maji yamefunga njia ya hewa, vijidudu vimemaliza oksijeni. Mahali pa namna hiyo kemia inabadilika. Uraniumu ikiwa na oksijeni inayeyuka na kusafiri na maji. Pasipo oksijeni inaganda na kukaa. Plutoniumu nayo, katika maji yasiyo na oksijeni, inayeyuka kwa shida kubwa. Mamia ya mita chini ya ardhi, maji ya mwamba hayana oksijeni, kwa hiyo vitu vilivyo hatari zaidi vinakosa usafiri.

Ya pili ni udongo wenyewe. Kila aliyesoma somo la udongo anakumbuka kwamba chembe za mfinyanzi zina chaji hasi, na zinashika potasiumu, kalsiumu na amoniumu zenye chaji chanya. Ndiyo maana mbolea haikimbii yote na mvua ya kwanza. Sesiumu na strontiumu zina chaji chanya, kwa hiyo zinashikwa vilevile. Sesiumu hata zaidi, kwa sababu inaingia katikati ya kurasa za chembe na kutoka ni vigumu.

Iodini ni shida nyingine. Yake ni chaji hasi, mfinyanzi unaisukuma. Hapo kinachobaki kusaidia ni mwendo wa maji. Mwenye bwawa la samaki anajua: ukikanyaga vizuri mfinyanzi wa chini, maji yanakaa. Ndani ya tabaka nene la mfinyanzi maji hayatiririki. Kitu kinasogea kwa kutawanyika tu, kama rangi ya kitenge inavyotoka polepole kwenye beseni la maji yaliyotulia. Ukiwa na makumi ya mita za udongo wa namna hiyo, muda unahesabiwa kwa maelfu na maelfu ya miaka. Ndiyo maana kwenye hesabu za usalama wa mashimo ya mfinyanzi, iodini-129 ni kati ya vitu vya kwanza kufika juu, baada ya muda mrefu sana na kwa kiasi kidogo.

Hayo hayakubaki kwenye karatasi. Huko Mol, Ubelgiji, walianza mwaka 1980 kuchimba maabara inayoitwa HADES, mita 225 chini, ndani ya udongo wa mfinyanzi. Mwaka 1988 waliingiza humo maji yaliyowekwa alama ya tritiumu. Kabla ya hapo walikuwa wamepiga hesabu maji yale yatasogea namna gani, na kwa zaidi ya miaka 20 vipimo vilifuata hesabu. Mwisho wa mwaka 2014 wakaanza kupasha joto kipande cha handaki mpaka nyuzi 80, jaribio la miaka 10, ili waone kama joto la taka litaharibu udongo. Ufaransa nao wako na maabara huko Bure, karibu mita 490 chini, kwenye mfinyanzi wa miaka milioni 160. Uswisi wanajaribu kwenye graniti huko Grimsel na kwenye mfinyanzi huko Mont Terri.

TABAKA JUU YA TABAKA

Walio mbele kabisa ni Finland. Huko Olkiluoto wamechimba Onkalo, zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba mgumu. Njia yao ilitengenezwa Sweden. Mafuta yaliyotumika yanawekwa ndani ya chombo cha chuma, chombo kile ndani ya kingine cha shaba yenye unene wa sentimita 5, kisha nafasi inayobaki inajazwa udongo wa bentoniti.

Bentoniti ni ndugu wa ule udongo mweusi tunaoujua, unaopasuka kiangazi mpaka mguu unaingia, na mvua ikija unavimba na kujifunga wenyewe. Maji yakigusa bentoniti, inavimba na kuziba kila ufa. Ukishindwa mlango mmoja, wa pili unabaki. Shaba ikishindwa, kuna udongo. Udongo ukishindwa, kuna mwamba.

Si kwamba wanasayansi wote walikubaliana siku moja. Huko Sweden baadhi ya watafiti walisema shaba inaweza kuliwa hata pasipo oksijeni. Mwaka 2018 mahakama ya mazingira ikataka maelezo zaidi juu ya chombo cha shaba. Serikali ilikubali mradi mwaka 2022 tu. Mimi naona hayo mabishano ni dalili nzuri. Mradi unaopita bila mtu kuuliza ndio wa kuogopa.

MAHALI SAYANSI ILIPUUZWA

Kwa Ujerumani kuna somo linalotuhusu sana sisi watu wa migodi. Kati ya mwaka 1967 na 1978 walichukua mgodi wa zamani wa chumvi unaoitwa Asse, wakaingiza humo karibu mapipa 126,000. Shimo lilikuwa tayari, lilikuwa rahisi. Lakini lilichimbwa ili kutoa chumvi. Kutunza taka hakukuwa kazi yake, na kuta zilikuwa zimedhoofika. Tangu mwaka 1988 maji yanaingia. Sasa sheria yao inataka mapipa yatolewe, kazi ngumu kuliko ile ya kuyaingiza.

Marekani nao wako na WIPP, kwenye tabaka la chumvi la New Mexico, mita 655 chini, iliyofunguliwa mwaka 1999. Mwamba wenyewe haujawaangusha. Mwaka 2014 pipa moja lilipasuka kwa sababu ndani yake chumvi za nitrati zilichanganywa na vumbi la mimea, lile linalouzwa kwa choo cha paka. Kila agronomo anajua huweki mbolea ya nitrati pamoja na unga wa mbao. Mahali pakafungwa karibu miaka mitatu. Mwamba ukiwa mzuri, bado mtu anaweza kukosea mlangoni.

NA SISI JE?

Sisi si wageni katika habari hii. Madini ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, yalisafishwa Olen, Ubelgiji, tangu miaka ya 1920 ili kutoa radiumu. Kisha yakaenda Marekani kwa kutengeneza bomu. Mabaki yake, yenye radiumu ya nusu-maisha ya miaka 1,600, yaliwekwa kwenye matangi ya simenti huko Fernald, Ohio, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Simenti ikapata nyufa, gesi ya radoni ikawa inatoka. Mwaka 1991 wakamwaga bentoniti juu ya mabaki ili kuizuia. Mwisho wakayatoa yote na kuyapeleka Texas, ambako mwaka 2009 yalizikwa kwenye udongo mwekundu wa mfinyanzi. Karibu miaka 60 uchafu wa Katanga ulikuwa unatafuta mahali pa kulala, kwenye nchi tajiri kuliko zote.

Kwetu je? Novemba 2007 shehena ya madini ya shaba yenye mionzi, zaidi ya tani 15, ilikamatwa Likasi. Amri ilikuwa ipelekwe kwenye mgodi uliofungwa wa Shinkolobwe. Ikamwagwa kwenye mto Mura, ambao watu wa Likasi wanakunywa. Mtu asituambie kwamba kumwaga na kuzika ni jambo moja.

Tena, Kinshasa tuko na kinu cha kwanza cha nyuklia katika Afrika, TRICO I cha mwaka 1959, na TRICO II cha mwaka 1972 kilichosimama tangu 2004. Viko kwenye kilima cha chuo kikuu, udongo wa mchanga, mji unaoliwa na mikorongo kila msimu wa mvua. Fimbo mbili za mafuta yake ziliwahi kuibiwa. Moja ilionekana Italia mwaka 1998. Ndivyo ulinzi wa mtu unavyochoka.

Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 55, inasema kupitisha, kuingiza, kuweka, kuzika ama kumwaga takataka zenye sumu au mionzi, ziwe zimetoka nje ama hapana, ni kosa la kuadhibiwa. Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 nao unakataza kuziingiza Afrika. Ni kufuli nzuri ya mlango wa nje. Lakini ndani ya nyumba tayari tuko na vyetu: mafuta ya Kinshasa, vyanzo vya mionzi vya hospitali na viwanda, marundo ya migodi. Kukataza peke yake hakuvipatii mahali. Kwa vyanzo vidogo kuna njia iliyoanzia Afrika Kusini na kuendelezwa na IAEA: kisima chembamba, kirefu, kwenye mwamba uliochunguzwa. Ghana na Malaysia waliichagua. Hiyo ni njia ya nchi isiyo na mabilioni ya Finland.

Ziwa letu je? Chini ya mita 100 ama 200 maji hayana oksijeni, na kina kinafika karibu mita 1,470. Mtu mjanja anaweza kusema: si ndiyo hali uliyosifu? Hapana. Maji si mwamba. Kiangazi upepo wa kusini unasukuma maji ya juu, na ya chini yanapanda kusini mwa ziwa, yakileta virutubisho. Hivyo ndivyo ndagala na mikebuka wanapata chakula. Kinachotupwa chini kitarudi sahanini, kwa nchi nne.

Na ardhi ya pwani hii? Tuko juu ya ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la 6.8 lilibomoa nyumba Kalemie na kuua watu. Isitoshe, taka hazizikwi mahali mtu wa kesho atataka kuchimba. Karibu na Kalemie kuna makaa ya mawe ya Lukuga. Manono, marundo yaliyoachwa na wachimba bati wa zamani leo yanatafutwa juu ya litiumu. Nani kati ya wale waliyoyaacha alijua?

MAULIZO MATANO

Sisi wenye diplome ndio tutakaoitwa siku mradi wowote wa kuzika kitu chenye sumu utakapofika kwenye sheferi, uwe wa mionzi, wa mgodi ama wa kiwanda. Tusiseme hapana kwa hofu, wala ndiyo kwa posho. Tuulize:

1. Ni kitu gani hasa, na kinaisha kwa miaka mingapi?
2. Maji ya chini yanatembea namna gani pale, na nani alipima, kwa muda gani?
3. Udongo ama mwamba unashika vitu gani, na vipi hauvishiki?
4. Ardhi inatikisika? Kuna madini yatakayoita wachimbaji?
5. Siku mlinzi atakapoondoka, ni nini kitabaki kikilinda?

Swali la tano ndilo kubwa. Kama jibu ni “tutaweka sanantri na waya”, basi hilo ni ghala, na ghala linahitaji serikali imara kwa miaka yote. Kama jibu ni mwamba, watuonyeshe vipimo vya mwamba.